Riba ya makadirio pungufu si uonevu

Mara kwa mara husikika manung'uniko ya baadhi ya wafanyabiashara kwamba riba inayotozwa kwa kukadiria kodi pungufu ni uonevu. Yamepigiwa kelele mno hata baadhi ya watumishi na walimu wameanza kuyaamini. Inafaa basi tuyapime.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inawataka wenye biashara wanaolipa kwa awamu wakadirie wenyewe, mwanzoni mwa mwaka, kodi watakayodaiwa. Kodi hiyo hugawanywa mafungu manne. Kwa afuataye mwaka wa kalenda, mafungu hayo hulipwa ifikapo mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mwaka ukiisha, hesabu kamili hufanywa. Ikidhihirika kwamba makadirio yalipungua kuliko sheria inavyokubali, mhusika hutozwa riba.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara anayestahili kulipa shilingi milioni 20 anakadiria milioni 8. Kila robo mwaka alipaswa kutoa milioni 5. Yeye anatoa 2. Ifikapo Desemba, milioni 12 za umma zimo mikononi mwake, anazizungusha na kuzaa faida. Huo ni mkopo. Ameuchukua bila kuomba wala kuweka dhamana, na kama isingekuwapo riba hiyo anayoilalamikia, angeupata bure.

Wakati huohuo, kodi ya mwalimu hukatwa kabla mshahara haujamfikia, na mwajiri hutakiwa kuiwasilisha serikalini ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Mwalimu haulizwi anakadiria nini. Hapati nafasi ya kuizungusha fedha hiyo hata siku moja. Je, ni kwa haki gani kabwela alipe papo hapo, na mwenye duka la jumla alipe atakapopenda?

Watetezi wao husema hakuna ajuaye ya kesho. Hoja hii haina nguvu, kwa sababu sheria inaruhusu makadirio yarekebishwe mwaka ukiwa unaendelea. Biashara ikidorora, yashushwe, ikistawi, yapandishwe. La ajabu ni kwamba mabwana hawa huikumbuka ruhusa hiyo upesi biashara inapodorora, na kuisahau inapostawi.

Wengine hudai kwamba utaratibu huu ni wa kwetu tu. Hata Marekani, nchi isiyoweza kutuhumiwa kuwachukia matajiri, hutoza adhabu ya namna hii. Kwa kawaida huepukana nayo yule aliyelipa kwa wakati angalau asilimia 90 ya kodi ya mwaka huo, au asilimia 100 ya kodi ya mwaka uliotangulia. Kwa wenye kipato kikubwa, kipimo hicho cha pili hupanda hadi asilimia 110. Sheria haimtaki mtu awe mtabiri. Inamtaka awe mkweli.

Maofisa wa kodi nao wana wajibu. Mlipakodi asiyejua kwamba makadirio hurekebishwa aelimishwe mapema, wala asingojewe mpaka deni liive. Lakini asiyejua na anayejifanya hajui si watu wa aina moja. Huyu wa pili alipe riba yake kimya, kama mwalimu alipavyo kodi yake kila mwezi.