Kiboko Haogopi Alumini

Muulize mkazi wa Kisumu anayependa kupiga kambi kwa nini anataka trela ya kukunjwa yenye kuta ngumu badala ya hema. Hujamaliza swali, jibu limekuja: usalama. Kiboko ataona ukuta apite kando, mwizi atakata tamaa, mbu atalala nje. Wauzaji wanalijua jibu hilo, na wameliwekea bei. Imani hiyo ni upuuzi, tena upuuzi wa gharama.

Tuanze na kiboko, maana ndiye anayetajwa kila mara. Dume lililokomaa lina uzito wa tani moja na nusu, pengine zaidi. Ukuta wa trela hizi ni karatasi mbili nyembamba za alumini au faibaglasi zenye povu katikati, kwa kuwa kitu cha kukokotwa na gari la kawaida hakiwezi kujengwa kwa mawe. Kiboko hutoka majini usiku kutafuta majani na hurudi kwa njia aliyoizoea. Ukiegesha juu ya njia hiyo umejitakia mwenyewe, uwe ndani ya hema au ndani ya trela. Anayeijua njia hiyo ni mvuvi wa ufuo wa Dunga. Kaa naye, agiza ngege na ugali, umsikilize.

Mwizi simzungumzii sana. Dirisha la plastiki na kitasa chepesi havijawahi kumkosesha usingizi.

Adui wa kweli wa ufuo wa Kisumu ana mabawa. Chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa Kenya mwaka 2019, ilizinduliwa Homa Bay, na wanaoishi kandokando ya ziwa hawakuhitaji kuelezwa sababu. Sasa itazame trela ya kukunjwa kwa makini: kila paneli inapokutana na mwenzake pana mwanya, kila bawaba ina upenyo, kila kona ya paa hutegemea kipande cha mpira ambacho jua la Kisumu litakikausha. Hema zuri, lenye wavu na zipu nzima, humshinda mbu kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo kabla ya kulipa, subiri giza liingie, washa taa ndani, funga kila kitu, kisha uizunguke kwa nje. Panapovuja mwanga ndipo atakapopita mbu. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mwachie trela yake.

Halafu kuna sami, wale wadudu wanaoinuka ziwani kama moshi na kuvamia taa yoyote iliyowashwa. Ukiwafungia madirisha, utaiva humo ndani. Madirisha mapana ya pande mbili zinazotazamana, yenye wavu wa matundu madogo, yana faida kuliko unene wowote wa ukuta.

Je, kuta ngumu hazina kazi? Zinayo, ila si ile inayotangazwa. Dhoruba za jioni hapa huja na upepo unaopeperusha viti, na turubai lililokunjwa likiwa bichi huota ukungu upesi. Paneli unaipangusa kwa kitambaa, unakunja, unaondoka. Njiani nako, trela iliyokunjwa huwa fupi: haipigwi sana na upepo unapovuka nyanda za juu za Mau kuteremkia Kericho, na kioo cha ndani ya gari bado kinakuonyesha nyuma. Hizo ndizo sababu za kuinunua.

Matuta ya barabarani ndiyo yatakayoijaribu. Ulizia springi, ekseli na saizi ya tairi kabla ya kuulizia jiko na godoro. Tairi lisilopatikana kwa fundi wa Ahero litakulaza njiani. Nunua iliyoinuka kutoka ardhini, maana udongo mweusi wa Kano ukilowa haujali umelipa ngapi. Wala usidanganywe na ukuta ukaiacha ufuoni kama nyumba. Mei 2020 ziwa lilipita rekodi yake ya 1964 na kuingia hata katika majengo ya matofali.

Jambo moja hakuna anayeliuliza. Trela nyingi za Marekani na za bara Ulaya zina mlango upande wa kulia, kwa kuwa huko magari hupita kulia. Ukiifungua yako kando ya barabara ya Kisumu ili watoto wapumzike, watashukia mbele ya matatu.