Hodi Isiyongoja Karibu

Toleo hili linahusu ishara katika Unix na Linux, na hoja yetu ni moja: funksheni inayopokea ishara ifanye kazi ndogo kabisa, kazi iliyobaki iachiwe mkondo mkuu wa programu. Tuseme programu inapokea uzito wa majani chai kutoka mizani za vituo vya Othaya na kuuandika katika leja. Fundi akitaka kuizima, huandika kill, na kerneli huipelekea SIGTERM, ishara namba 15. Hiyo ni hodi, ila haingoji karibu: huikatiza programu popote ilipo, hata katikati ya malloc, funksheni inayotenga kumbukumbu, kufuli la kumbukumbu likiwa limeshikwa. Mpokeaji wa ishara naye akiita malloc, programu yaweza kukwama daima ikisubiri kufuli ililolishika yenyewe. Ndiyo maana POSIX huorodhesha funksheni chache zilizo salama ndani ya mpokeaji. Write imo, printf haimo. Tena ishara za kawaida hazipangi foleni: michakato mitatu iliyozaliwa na programu ikifa kwa pamoja, SIGCHLD, ishara ya kifo cha mchakato mtoto, yaweza kufika moja tu. Anayehesabu ishara hupotea. Anayeinua ndani ya mpokeaji bendera ya aina ya sig_atomic_t, kisha mkondo mkuu ukarudia waitpid, inayookota michakato iliyokufa, mpaka asibaki mfu, hapotezi hata mmoja.

Wapo watakaosema huo ni usumbufu bure. Umeme ukikatika Karatina au Nyeri haupigi hodi, na SIGKILL, namba 9, haishikiki, haizuiliki wala haipuuziki. Ikiwa programu sharti istahimili kifo cha ghafla, ya nini kuifunza kuaga? Ni kweli leja lazima iandikwe kwa miamala inayokamilika yote au isiyokuwapo kabisa. Lakini muamala huilinda leja tu. Mkulima aliyesimama mbele ya mizani bado hajui kama kilo zake zimeingia. SIGTERM hutoa nafasi ya kumjibu: systemd, msimamizi wa huduma katika Linux, isipoagizwa vingine, husubiri sekunde 90 kabla ya kutuma SIGKILL, muda unaotosha kumaliza mzigo ulio mizanini na kukataa mpya.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba bendera yaweza kuinuliwa mara tu baada ya kukaguliwa, programu ikalala bila kuiona. Pengo hilo lipo, na dawa yake ni pselect, inayozifungulia ishara wakati wa kulala tu, au signalfd, inayozigeuza ishara kuwa data ya kusomwa kama faili. Dawa zote mbili zinaithibitisha hoja yetu: programu huisikiliza hodi pale tu ilipo tayari kuitika. Nawe fundi, usianze na kill -9.