KUJITOLEA HAKUNUNULIWI

Mzazi wa Sumbawanga asiuze ng'ombe ili mwanawe apelekwe ng'ambo kujitolea. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa watu wa kujitolea, ulioamuliwa na Baraza Kuu mwaka 1970, hautozi ada hata senti moja. Mwanafunzi aliyetimiza miaka 18 hujiandikisha mwenyewe kwa intaneti. Akichaguliwa kwenda, hupewa posho ya kujikimu. Basi adaiye fedha za kumwandikisha ni mlaghai.

Hata hivyo, twawaasa vijana: atakaye kuwafaa wageni na aanzie kwao. Mfipa tangu kale hufukia majani katika vilima vya udongo viitwavyo intumba, yakaoza, yakairutubisha ardhi. Kijana aliyelishika jembe hilo anayo hazina ya kupeleka ugenini. Asiyelishika atakwenda kutembea tu.