Kabla hujaenda kwa kangomba, soma mita yako ya LUKU

Leo siandiki ubwiriunga wala dozi ya salfa. Naandika habari ya hela ya nyumbani, na najua kuna watakaosema bwana shamba kaishiwa. Nivumilieni kidogo.

Mwezi Agosti 2024 nilikuwa Mkotokuyana, kwa kijana mmoja ambaye shamba lake huwa nalipeleka wenzake wakalione. Mikorosho imepogolewa vizuri, chini kumefagiliwa, maua yametoka. Tukiwa tunazunguka akaniambia, bila kunitazama, kuwa gunia nne za mwanzo si zake tena. Kashachukua hela. Alikopa laki tatu mwezi wa sita, ile mikopo yetu ya kausha damu, rejesho kila wiki. Wiki ya saba akakwama, akaenda kwa kangomba. Gunia nne, kama kilo 320, kwa 1,200 kwa kilo. Akapewa 384,000, akafunga deni, akabaki na hela ya sukari.

Oktoba minada ikafunguka. Wote mnakumbuka bei ya msimu ule, minada ya mwanzo ilipita 4,000 kwa kilo. Kilo 320 zake zilikuwa na thamani ya zaidi ya milioni moja na laki mbili. Toa makato yote unayoyajua, bado kijana alipoteza laki kadhaa kwa ajili ya deni la laki tatu.

Nikamuuliza, ile laki tatu ulikopea nini? Nilitegemea aniambie dawa au palizi. Akasema, "Bwana shamba, hata sijui. Ilikuwa ya nyumbani tu."

Hiyo "ya nyumbani tu" ndiyo inayonifanya niandike. Sisi wa Nachingwea na Ruangwa hela yetu inakuja kwa mafungu: ufuta katikati ya mwaka, mbaazi zinafuata, korosho kuanzia Oktoba. Lakini LUKU, king'amuzi, bando na mkaa vinakuja kila mwezi, havijui mnada. Kuanzia Februari mpaka ufuta kuuzwa, halafu tena Agosti na Septemba, nyumba inakula na shamba halileti. Hapo ndipo kangomba anapojua kupiga hodi. Serikali imekataza biashara hiyo miaka mingi, viongozi wametishia sana, na bado ipo. Maoni yangu ni kwamba itaendelea kuwepo mpaka mkulima aweze kufika Oktoba bila kushikwa koo. Na njia ya kwanza ya kufika, kabla ya mkopo wowote mwingine, ni kupunguza kile ambacho nyumba inakula.

Msidhani nawasema nyinyi tu. Mwaka mmoja nilikuwa na deni mimi mwenyewe, mkopo wa pikipiki, mshahara ukiingia unakatwa mpaka unabaki mifupa. Nyumbani tulikuwa tunanunua umeme wa kama 55,000 kwa mwezi. Nikawa nalalamika kama kila mtu, umeme umepanda, mita inakimbia. Siku moja nikaamua kuifanyia mita kazi ninayoifanya shambani kila siku: kupima. Usiku saa 2 nikaandika namba, asubuhi saa 12 nikaandika tena. Nikazima kitu kimoja, nikarudia. Wiki moja tu, daftari la mtoto la hesabu na kalamu.

Jokofu letu kuukuu lilikuwa linakula uniti 2 kwa siku. Mama watoto alikuwa anatengeneza barafu za ukwaju za kuuza, na kwa siku nzuri anapata shilingi 700. Sasa piga hesabu. Uniti moja kwenye tarifa ya T1 ni shilingi 292, ukiweka VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1 inafika kama 356. Uniti mbili ni 712. Kwa hiyo tulikuwa tunawalipia watoto wa shule wale barafu, na ukwaju na sukari juu yake. Nilipomwonyesha daftari alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Na wewe taa yako ya nje je?"

Alikuwa na haki. Taa yangu ya nje ilikuwa globu ya zamani ya wati 100, inawaka magharibi mpaka asubuhi, saa 12. Hiyo ni uniti 1.2 kwa siku, 36 kwa mwezi. Nikaweka ya LED ya wati 9, ikawa uniti 3 na kidogo kwa mwezi, na mwizi anaonekana vile vile. Jokofu na globu peke yake vilitushusha kutoka uniti kama 150 mpaka 57. Hatujagusa tv, hatujagusa pasi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Bei ambazo EWURA ilipitisha mwaka 2016 zina tarifa ya watumiaji wadogo wa majumbani, D1. Ukiwa hapo, uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja, na kodi zake inakuwa 122. Ukizidisha 75, kila ya ziada ni 350 kabla ya kodi, na ukizoea kuzidisha unahamishiwa T1. Yaani jirani anayetumia uniti 70 na wewe unayetumia 90 hampishani kidogo, mnapishana mara tatu na zaidi. Mimi nilitulia miezi kadhaa chini ya 75, nikaenda ofisi ya umeme kuomba kurudishwa D1, wakaangalia manunuzi yangu ya nyuma wakanirudisha. Leo uniti 57 pamoja na ile 1,500 ya kodi ya jengo haifiki 9,000. Kutoka 55,000. Tofauti ya 46,000 kila mwezi niliielekeza kwenye pikipiki, na deni likaisha kabla ya muda wake.

Wafugaji wa kuku, nyinyi nina neno lenu. Vifaranga 200 chini ya taa mbili za wati 250, zikiwaka usiku na mchana, ni uniti 12 kwa siku. Wiki tatu ni uniti 252, karibu elfu 90 kwa T1, na umeivuta nyumba nzima huko kwa sababu banda linatumia mita ya nyumbani. Huku kwetu mchana ni joto jamani! Baada ya wiki ya kwanza angalia vifaranga wenyewe: wakitawanyika na kuhema, zima taa saa 3 asubuhi, uwashe jua likizama. Ukitumia jiko la mkaa na chungu usiku, acha nafasi ya hewa kupita juu, moshi wa mkaa unaua vifaranga na unaua watu.

Nitajibiwa kwamba umeme ni hela ndogo, haujamfilisi mtu. Kwa nyumba yenye taa tatu na chaji ya simu ni kweli, na huyo nisimpotezee muda, aangalie kwingine. Kwa yule kijana tulikaa tukaandika kila kitu: LUKU yenye jokofu la kinywaji baridi, king'amuzi kifurushi cha mpira, bando la kila siku (anayenunua la siku kila siku analipa zaidi ya anayenunua la mwezi), na deni la duka ambalo hakuwahi kulihesabu. Jumla 120,000 kwa mwezi. Tukakata nusu bila mtoto kulala njaa. 60,000 kwa miezi minne, Juni hadi Septemba, ni 240,000. Alikopa 300,000. Mnaona nilipokwama mimi kulala usiku ule?

Na kuna michango. Msimu wa hela hapa kwetu ni msimu wa jando na unyago pia, na hakuna LUKU inayofikia sare, pilau na mziki wa siku mbili. Siwezi kukwambia usimcheze mtoto wako. Nakwambia usikopee sare ya kumpendeza shangazi wa jirani.

Nachingwea tuna historia na gharama kutangulia mavuno. Waingereza walileta hapa mradi wa karanga mwaka 1947, matrekta, mitambo, reli mpaka bandari ya Mtwara, na mwaka 1951 wakaufunga ukiwa umemeza pauni kama milioni 36. Wao walikuwa na hazina ya serikali ya kufutia hasara. Wewe una gunia nne.

Vitu ambavyo sitaki mtu akate kwa jina la kubana matumizi: dawa ya mikorosho kwa wakati wake, ada, chandarua, chakula. Ukipata hela ya ziada peleka kwanza kwenye deni lenye riba kali, hata kama ni dogo na mdai wake ni mpole. Deni la AMCOS au la benki linaloweza kungoja mnada, lingoje.

Yule kijana msimu huu ana rejesho moja tu, na jokofu kaliuza. Letu sisi halikupata mnunuzi. Tumelitoa waya, mama watoto anatunzia humo mbegu za ufuta na mbaazi, na panya wamejaribu wameshindwa.