Huna mshahara wa mwezi? Uzee hautakuuliza

Kila mwisho wa mwezi mitandao hujaa ushauri uleule: ukipokea mshahara, weka asilimia 20 kando kabla hujagusa kitu. Poa. Lakini mshahara upi? Wewe uko mjengo Pipeline, unauza mitumba Gikomba, unaendesha boda Donholm ama unasuka nywele Kayole. Pesa yako huingia jioni, kufikia asubuhi imeisha. Na si wewe pekee. Takwimu za serikali zinaonyesha zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya walio na kazi wako kwa jua kali. Ushauri mwingi wa pesa basi umeandikiwa wachache.

Swali ni hili: ukifika miaka 60, nani atakulipia keja?

Wazee wetu huku Eastlands walikuwa na jibu. Miaka ya 1970 Benki ya Dunia ilifadhili mradi wa Dandora, viwanja kama 6,000 vyenye maji na choo, wakapewa watu wa mapato ya chini walipe polepole. Mtu alijenga chumba kimoja, akapangisha kingine, kodi ikajenga cha tatu. Wengine waliuza mapema na kuondoka. Waliobaki, vyumba hivyo ndivyo vimewalisha uzeeni. Si kwamba walikuwa na nidhamu kukuliko wewe. Pesa yao ilikuwa imekwama kwa matofali, na matofali huwezi kuyabetia jioni.

Sisi ndio wapangaji wa vyumba hivyo. Ploti hatukupewa, tulipewa simu. Na simu inakukopesha haraka kuliko inavyokuwekea. M-Shwari ilipoanza 2012, angalau akiba na mkopo vilikaa pamoja. Fuliza, iliyokuja 2019, ni deni tu.

Piga hesabu kwa viwango vilivyopunguzwa 2022. Umefuliza 800, na kwa sababu wateja wako wanakulipa pesa mkononi, laini imekaa na deni siku kumi. Ada ya asilimia 1 ni shilingi 8. Siku tatu za kwanza ni bure, zile saba zingine ni shilingi 6 kila siku, yaani 42. Jumla finje. Ni kidogo, ndiyo maana huioni. Ukirudia mara tatu kwa mwezi, kwa mwaka umelipa Sh1,800 na hujanunua kitu.

Sasa linganisha na Hustler Fund iliyozinduliwa Novemba 2022. Ukikopa thao moja, asilimia 5 haikufikii. Watu wengi mtaani husema "nimekatwa". Hiyo finje hugawanywa: shilingi 35 zinaenda kwa akiba ya uzeeni, 15 kwa akiba ya muda mfupi. Kama umewahi kukopa huko, tayari una pensheni, hata kama hukujua. Ni ndogo sana, lakini inaonyesha kitu: pesa ikikatwa kabla ya kufika mfukoni, unaishi bila hiyo.

Hapo ndipo mtu wa kipato cha kila siku anafaa kuanzia. Usipange kwa mwezi, panga kwa siku. NSSF ina mpango unaoitwa Haba Haba, wa watu wasio na mwajiri, kuanzia shilingi 25 kwa siku. Kwa mwaka ni Sh9,125. Kwa miaka 30 ni Sh273,750, kabla ya riba. Utaniambia hiyo haitoshi kuzeekea Nairobi, na uko sawa, hasa bei zikipanda. Basi anza na 25, siku ikiwa nzuri weka soo. Na siku ambayo huna hata ya unga, ruka bila kujilaumu, kesho urudi.

Lakini kabla ya uzee kuna hospitali. Wewe mwenyewe unajua harambee ngapi ziko kwa WhatsApp yako wiki hii. Bili moja inameza akiba ya miaka mitano. Kwa hivyo SHA kwanza: kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, ingawa mtu wa jua kali hutakiwa kulipa ya mwaka mzima. Ya pili, weka pesa ya dharura mahali unapoweza kuitoa. Hazina ya soko la fedha kama Ziidi inaanzia shilingi 100. Ya tatu ndiyo ile ya uzee, na hiyo ikae mbali na kidole chako.

Na chama? Endelea nacho. Kinanunua friji, kinazika mzazi. Lakini chama cha mzunguko hukupa pesa yako mwenyewe kwa zamu, hakiizalishi. Ukienda sacco, uliza kama imesajiliwa na pesa za wanachama zimewekwa wapi. Ukaguzi uliofanywa KUSCCO ulionyesha hasara ya zaidi ya Sh13 bilioni, na sacco nyingi zilikuwa zimeweka pesa huko. Akikuja mtu na faida ya mara mbili kwa mwezi, uliza wazazi kuhusu DECI, iliyoporomoka 2007 na akiba za watu wa kanisa.

Huenda ploti ya kizazi chetu ni zile nyumba za serikali. Za kwanza Mukuru zilikabidhiwa Mei 2025, na zinalipiwa kila mwezi kwa miaka mingi, karibu kama Dandora. Ila atakayeweza kulipa miaka hiyo yote ni yule ambaye mkono wake umeshazoea kuweka.

Leo jioni ukihesabu pesa ya siku, toa ya kesho ya stock, ya chakula na ya nyumbani ushago. Halafu toa 25 za yule mzee utakayekuwa. Naye pia anakutegemea.