Maoni: Madini peke yake hayatoshi, Kongo inahitaji mafundi

Goma, Bukavu na Bunia, raia wengi wanapenda kusema kwamba bila madini ya Kongo hakuna teknolojia duniani. Maneno hayo yanafariji, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine inaonekana katika jangwa la Atacama, nchini Chile.

Kule, mita 5,200 juu ya usawa wa bahari, darubini za Simons Observatory zinapima mwanga wa zamani kuliko wote: mionzi iliyobaki tangu mwanzo wa ulimwengu, ambayo Arno Penzias na Robert Wilson waliigundua nchini Marekani mwaka 1964. Leo mionzi hiyo ina joto la digrii 2.7 tu juu ya sifuri kamili, yaani baridi ambayo haipitiki. Ili kuinasa, vipimio vyenyewe vinapozwa zaidi, hadi sehemu ya kumi ya digrii moja.

Hapo ndipo kazi ya fundi inapoanza. Vipimio ni karibu 60,000, na kila waya unaotoka nje unaingiza joto ndani, kama mlango wa friji usiofungwa vizuri. Haiwezekani kila kipimio kiwe na waya wake. Kwa hiyo kila kimoja kinapewa masafa yake, kama vituo vya redio, halafu mamia yao wanatumia kebo moja. Katika Ncha ya Kusini, kamera ya South Pole Telescope inapitisha vipimio 68 kwenye jozi moja ya nyaya, na mitambo ya kuvitenganisha ilitengenezwa na timu ya chuo kikuu cha McGill, nchini Canada.

Vifaa vidogo vinavyosikiliza ishara hizo, vinavyoitwa skwidi, hutengenezwa kwa niobi, metali ambayo ikipozwa sana inapitisha umeme bila kizuizi. Niobi na tantali ni ndugu: zote mbili zinakaa ndani ya koltani, ile inayochimbwa Masisi.

Lakini niobi nyingi ya dunia inatoka Brazil, si Kongo. Somo liko hapo. Jiwe linaweza kununuliwa kwingine. Mkono unaojua kulifanyia kazi ndio adimu, na mkono huo haupatikani kwa kuchimba shimo refu zaidi.

Wengine watasema nchi yenye vita na wakimbizi wa ndani haina haja ya darubini. Wana haki, na hakuna anayeiomba Kongo ijenge moja. Lakini ufundi wa kunasa ishara dhaifu katikati ya kelele ndio unaotumika na Observatoire Volcanologique de Goma kuusikiliza mlima Nyiragongo. Mashini ya IRM ya hospitali nayo inategemea sumaku ya niobi na titani iliyopozwa sana. Ikiharibika na hakuna fundi, mgonjwa anarudi nyumbani bila jibu.

Nchi nane za Afrika zimejiunga na Afrika Kusini katika mradi wa darubini ya SKA, na vijana wao wamepata nafasi za masomo. Zambia, jirani, imo. Kongo haimo, ingawa Lwiro, Kivu Kusini, ina kituo cha utafiti cha muda mrefu.

Feza za kuanzia zipo katika sheria. Kanuni ya madini ya 2018 inatenga asilimia 10 ya mrabaha kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Sehemu yake ijenge maabara za elektroniki katika vyuo vikuu vya mashariki, zenye vifaa vya kupimia na walimu wanaolipwa. Kizazi kijacho hakitaishi kwa mashimo yaliyoachwa wazi. Kitaishi kwa kile ambacho kimefundishwa kutengeneza.