Wahitimu wetu wa fasihi wanaandika kwa nyuso za wengine

Kijana wa Magwagwa, Kaunti ya Nyamira, aliyesomea fasihi chuo kikuu, akarudi nyumbani na shahada lakini bila kazi, ana soko moja linalomwita usiku na mchana. Soko hilo halimwombi cheti wala halitaki kumwona. Linataka Kiingereza chake, usingizi wake na kimya chake. Linamtaka aandike insha ambayo mwanafunzi fulani wa Marekani, Uingereza au Australia ataipeleka kwa mhadhiri wake kana kwamba ameitoa kichwani mwake.

Gazeti hili linapiga kengele kuhusu soko hilo, tena kwa sababu ambayo haijazungumzwa vya kutosha. Udanganyifu wenyewe umekwisha kuandikwa sana. Septemba 2019 gazeti la New York Times lilichapisha uchunguzi uliowafikia waandishi wa Kenya. Australia ikatunga sheria mwaka 2020, na mwaka 2022 ikawa kosa kuwauzia insha wanafunzi wa England. Sheria hizo zinalinda thamani ya shahada zao. Hakuna hata moja inayolinda akili iliyoandika, na wala hatukutarajia watunga sheria wa Canberra au London waifikirie. Akili hiyo ni yetu.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, huenda hivi. Kampuni ina tovuti. Mwanafunzi anaingia, anataja mada, idadi ya kurasa na saa ya mwisho, kisha analipa kwa dola. Oda inatupwa kwa waandishi, na anayeiwahi ndiye anayeipata. Ili uone oda nzuri sharti uwe na akaunti yenye sifa, na akaunti za namna hiyo huuzwa na kukodishwa hapa Kenya. Mwenye akaunti anakata fungu lake, mwandishi anabaki na kilichosalia. Nyingi ya akaunti hizo hubeba jina la Kizungu na picha ya mtu mweupe, kwa kuwa mteja huuamini uso huo kabla ya kusoma sentensi hata moja. Aliyeitwa Kemunto nyumbani anakuwa mwanamke wa Texas. Nyakundi anakuwa mwalimu mstaafu wa Manchester.

Filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Eloise King, inamfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mwanasosholojia mzaliwa wa Kenya, akikutana na waandishi hawa. Tunaishukuru kwa kuwaita wasomi, maana ndivyo walivyo. Mtu anayeweza kusoma riwaya ya kurasa 300 jioni na kutoa uchambuzi wenye alama za juu kabla ya jua kuchomoza si kibarua wa maneno. Kosa letu kama nchi ni kumwachia akaifanye kazi hiyo asipoonekana.

Katika uhasibu au takwimu mwandishi anaweza kujificha bila kupoteza mengi, kwa kuwa jawabu halibadiliki kwa sababu ya aliyelitoa. Fasihi haiko hivyo. Siku hizi wahadhiri wengi wa Marekani na Uingereza humtaka mwanafunzi aseme anasoma akiwa nani: rangi yake, jinsia yake, tabaka la wazazi wake, na jinsi hayo yanavyougusa usomaji wake. Kwa hiyo mwandishi wetu haandiki uchambuzi tu. Anabuni maisha mazima ya mtu asiyemjua, halafu anasoma kitabu kwa macho ya mtu huyo.

Fikiria binti aliyelelewa kati ya migomba na chai, saa nane za usiku, akiandika kuhusu Beloved, riwaya ya Toni Morrison ya mwaka 1987, kwa sauti ya msichana mweupe wa Ohio anayekiri kwamba hakuwahi kuufikiria utumwa mpaka alipokifungua kitabu hicho. Anaandika aibu isiyo yake. Anaomba msamaha asiodaiwa. Na yale aliyoyaona yeye mwenyewe ndani ya riwaya, kuhusu mama na mtoto, kuhusu marehemu anayerudi kudai nafasi yake nyumbani, jambo ambalo nyanya yake angelifafanua vizuri kuliko maprofesa wengi, hayo anayafuta. Yangemfichua. Insha inapata alama nzuri, na usomaji ambao haujawahi kuandikwa na mtu yeyote duniani unapotea kabla ya mapambazuko.

Morrison huyohuyo, katika Playing in the Dark ya mwaka 1992, alionyesha kwamba fasihi ya Wamarekani weupe ilijijenga juu ya mtu mweusi aliyesukumwa pembeni na kunyimwa neno lake. Sasa mtu mweusi anaandika hata insha inayoeleza alivyosukumwa pembeni, na jina lililo juu ya ukurasa ni la mwingine. Chinua Achebe alipopanda jukwaani Amherst, Massachusetts, Februari 1975, na kumshutumu Joseph Conrad kwa ubaguzi, alisema akiwa Mwafrika, akiwa Achebe, na wenyeji wake walilazimika kumjibu. Mhadhara ule hadi leo hupewa wanafunzi wauchambue. Ni wangapi kati ya wachambuzi hao wameketi Nyamira, Kisii au Eldoret, wakimtetea Achebe chini ya jina la mtu ambaye hajamsoma?

Vyuo vya Magharibi vimewahi kutikiswa na uongo wa upande wa pili. Septemba 2020 Jessica Krug, aliyefundisha historia ya Afrika katika Chuo Kikuu cha George Washington, alikiri kwamba kwa miaka mingi alijifanya mtu mweusi ilhali ni mwanamke mweupe aliyetoka Kansas. Aliacha kazi, na dunia ya wasomi ikajadili kwa uchungu nani ana haki ya kusema kwa niaba ya nani. Ulikuwa mjadala wa lazima. Lakini tazama tofauti. Krug alipovaa weusi alipata kiti cha chuo, kitabu chenye jina lake na jukwaa la kusikilizwa. Mhitimu wetu anapovaa weupe analipwa kwa ukurasa, na kadiri anavyoandika vizuri ndivyo anavyozidi kutojulikana. Lile la Krug liliitwa kashfa. Hili la kwetu tumezoea kuliita kujitafutia riziki, tukapita.

Uchungu unazidi tukikumbuka tulikotoka. Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wao katika kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na Afrika iwekwe katikati ya usomaji. Hawakudai tuache kusoma vya wengine. Walidai tuvisome tukiwa tumesimama kwetu. Ngũgĩ alikuwa bado akijulikana vitabuni kama James Ngugi, na baadaye aliliacha jina hilo, kwa kuwa aliliona ni la kikoloni. Alifariki Mei 2025 na nchi nzima ikamwomboleza. Wanafunzi wa idara zilizozaliwa na waraka ule ndio hao leo wanaojipa majina ya kina James ili walipwe. Hatuwalaumu. Tunauliza walimu wao, na wanaowapa walimu hao bajeti, wako wapi.

Sisi watu wa Gusii hatuna udhuru wa kulichukulia jambo hili kwa wepesi. Magwagwa iko ukingoni mwa Nyamira, upande wa mto Sondu, ambako Mgusii ana jirani Mkipsigis na jirani Mjaluo, na mtu hukua akijua kwamba jina lake humtangulia. Ukilitaja, msikilizaji keshajua unatoka upande gani. Mara nyingine jina hilo limetuponza, hasa misimu ya siasa. Lakini ndilo linalomfanya mtu aulizwe na ajibu, asifiwe na akosolewe.

Na angalia ni nani walioandika kutuhusu. Philip Mayer aliandika kuhusu ukoo na mahari ya Abagusii miaka ya 1940 na 1950, akatia jina lake. Robert LeVine na mkewe Barbara walifika katikati ya miaka ya 1950, na kitabu chao Nyansongo kikatoka mwaka 1966 kikiwa na majina yao. William Ochieng', Mjaluo wa Yimbo, alichapisha mwaka 1974 historia ya Abagusii kabla ya ukoloni, naye akatia lake. Hatusemi walikosea kutuandika. Ochieng' hasa alitufanyia kazi ambayo wengi wetu hatukuwa tumeifanya, na ambaye hakubaliani naye anajua ampinge nani, ukurasa gani. Wageni na majirani walituandika kwa majina yao. Sasa watoto wetu wamesoma, wana uwezo wa kuwajibu, na wanautumia uwezo huo kuandika kuhusu watu wengine kwa majina ya watu wengine. Huo ndio msiba tunaoutangaza leo.

Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Abagusii zaidi ya milioni 2.7. Jamii ya ukubwa huo ingepaswa kuwa na rafu nzima za uhakiki: wa emegano, yaani ngano, zinazosimuliwa vijijini, wa waimbaji wa obokano, kinubi chetu, wa namna nabii Moraa na shujaa Otenyo wanavyosimuliwa tangu mkuki wa mwaka 1908 uliomjeruhi Geoffrey Northcote, afisa wa kikoloni. Tuna watu wachache wanaojituma. Christopher Okemwa, mshairi na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kisii, aliasisi tamasha la mashairi la Kistrech, linalowaleta washairi wa nchi mbalimbali hapa Kisii. Lakini mtu mmoja au watano hawatoshi, huku mamia ya kurasa za uhakiki safi zikisafirishwa kila usiku bila jina.

Zipo sababu za kuharakisha. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, sehemu ya oda imeyeyuka, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kuiagiza mashine. Baadhi ya waliobaki kazini hupewa maandishi ya mashine wayalainishe yafanane na ya binadamu. Kwanza walificha uso, kisha jina, na sasa wanaikopesha mashine pumzi yao. Soko hili likifunga milango, na dalili zipo, litawaacha watu wenye umri wa miaka 30 na kitu ambao wamesoma na kuandika kuliko wahadhiri wengi, lakini hawana ukurasa mmoja wa kumwonyesha mwajiri. Wasifu wao utakuwa mtupu.

Tunajua watakaotukasirikia. Watasema insha hizo zimelipa karo za wadogo, zimejenga nyumba za mabati kwa wazazi, zimenunua dawa. Ni kweli, na anayemwita kijana huyo mwizi hajawahi kutuma maombi ya kazi akasubiri mwaka bila jibu. Mnunuzi wa insha, na kampuni inayomficha, ndio wanaostahili lawama ya kwanza. Wapo pia watakaosema kwamba kuandika kwa sauti ya mwingine ni sanaa, kila mwandishi wa riwaya huifanya. Hapo tunakataa. Mwandishi wa riwaya humwazima mhusika sauti kisha hutia sahihi yake kwenye jalada, na msomaji anajua. Huyu wa kwetu hana jalada, na anayesoma hapaswi kujua kwamba yeye yupo.

Basi tunadai yafuatayo. Vyuo vikuu vinavyofundisha fasihi humu nchini, kuanzia na vilivyo karibu nasi, viache kuyaficha maandishi ya wanafunzi kabatini. Tasnifu nzuri ya shahada ya kwanza kuhusu wimbo wa obokano au riwaya ya Kiswahili ichapishwe, hata kwa karatasi ya bei nafuu, na ilipiwe chochote. Mhadhiri anayemtaka mwanafunzi amchambue Morrison amtake pia amsome akiwa Mgusii, Mluhya au Mswahili wa Lamu, na ampe alama kwa hilo. Gazeti hili liko tayari kutenga ukurasa kwa uhakiki wa vijana wa Kisii na Nyamira, kwa Kiswahili, wenye jina na kijiji cha aliyeandika.

Kwa serikali ya kaunti tuna neno zito zaidi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka maktaba na shughuli za utamaduni mikononi mwa kaunti, na Kifungu cha 7 kinaitaka dola iendeleze lugha za kienyeji. Wahitimu wa fasihi wapo. Wazee wanaojua emegano wapo, ingawa kila mwaka tunazika wengine. Kinachokosekana ni fungu la fedha la kuwalipa wa kwanza wakawarekodi wa pili, wakanakili, wakatafsiri, wakachambua, na kutia sahihi. Malipo yasiwe ya kumsaidia maskini. Yawe mshahara wa kazi.

Sheria inataka makadirio ya bajeti yafike katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka. Mwakilishi wa wadi ya Magwagwa na wenzake wa eneobunge la Mugirango Kaskazini wanaweza kulidai fungu hilo katika makadirio yajayo, na sisi tutachapisha majina ya waliolidai na ya walionyamaza.